Kwa Basi Hadi Toscana Kumuozesha Rahma

Tangu nirudi, kila Ijumaa tukitoka msikitini na kukaa kwenye mkahawa wetu wa Edgware Road, mmoja wenu huniuliza, "Enhe, na huko Italia ilikuwaje?" Nikianza kujibu, chai inaletwa, au mwengine anaingilia na habari za mpira, na hadithi inakatika. Nimeona bora niandike mara moja, kituo kwa kituo, mpitishiane. Mambo ya tiketi na viza sitayaweka, hayana utamu.

Baadhi yenu mliniambia nisiende. Mlisema harusi ya mtoto wa Kizanzibari kwenye kasri la Wataliana ni kujionesha, na kwamba mtu mzima mwenye ndevu nyeupe hana la kutafuta huko. Nilikwenda. Nimerudi. Sijuti hata kidogo.

Kwa asiyejua, Rahma ni binti wa marehemu kaka yangu Hemed, aliyefariki Rahma angali skuli. Mama yake yuko Unguja na viza hakupata. Babu hana, kaka hana. Wa kumuozesha tulibaki wawili, ndugu wa baba yake: kaka Nassor, mkubwa wetu, anayekaa Queensbury, na mimi. Mchumba wake, Davide, ni kijana wa Kitaliana waliyefanya naye kazi hospitalini hapa London. Alisilimu kabla hajaleta posa, na sisi tunamwita Daudi. Harusi iliwekwa kwao Toscana kwa sababu bibi yake aliyemlea hawezi tena kusafiri. Hiyo ndiyo sababu, si nyengine.

Hapo Nassor akakataa. "Mimi sikai kwenye nyumba yenye mapipa ya mvinyo nikaitwa walii wa kumuozesha mwali," alisema. "Na wewe usiende. Tukikataa sote wawili, watarudi kuoana hapa kwa adabu."

Kwa hiyo mambo yalisimama hivi: mimi nisipofika, Rahma hana wa kumuozesha. Wapo walioshauri nimpe shekhe wa huko uwakala kwa simu, na sheria inaruhusu. Rahma akanipigia. Alisema kwa Kiingereza, kama wasemavyo watoto wetu waliokulia hapa, kwamba hataki kuozeshwa kwa simu kama mtu anayeagiza teksi. Alitaka mtu wa damu ya baba yake akae mbele ya Daudi na amshike mkono.

"Nitakuja," nikamwambia.

Edmonton hadi Victoria

Ndege sikuweza. Sikio langu lilikuwa limepasuliwa karibuni, na daktari alinikataza kupanda. Ikabaki barabara. Mdogo wangu Zuhura, shangazi aliyemlea Rahma tangu baba yake afe, aliamua kufuatana nami. "Wewe peke yako utashuka kituo kisicho chako huku unasoma gazeti," alisema.

Mimi nilibeba begi moja: kanzu, kofia, joho, na kitabu cha Kitaliana cha maktaba. Skuli yangu ilikatika mapema, kama mjuavyo, na kila ninachokijua nimekitafuta mwenyewe kwenye vitabu. Kitaliana nilikuwa nimekisoma majira yote ya baridi, kwa kitabu na kanda. Zuhura alibeba vikapu vitatu. Kimoja cha chakula cha njiani, kimoja cha halwa ya kuwapa wakwe, na cha tatu kilikuwa na chetezo, makaa na udi wa kufukiza.

Kwenye treni ya kwenda mjini akanijaribu.

"Haya, sema kitu cha Kitaliana."

Nikamwambia sentensi niliyoijua vizuri kuliko zote.

"Maana yake?"

"Treni ya Roma inaondoka jukwaa la nne."

"Na ukitaka maji?"

"Sijafika hapo."

Alicheka mpaka mwanamke wa kiti cha mbele akageuka.

Dover

Bandarini, kabla ya kupanda meli, abiria wote walishushwa ili basi letu la Turin likaguliwe. Mbwa wa ukaguzi akapita kwenye mizigo, akafika kwenye vikapu vya Zuhura, akakaa kitako. Hakuondoka. Askari wa kike akatoa chetezo, akakinusa. Akatoa makaa. Akatoa vipande vya udi, akavipanga juu ya meza kama meno. Mwisho akafungua bakuli la halwa, nyeusi, nzito, inayong'aa, akatazamana na mwenzake.

"Hii ni nini?"

Nikaeleza kwa ukamilifu: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, kungumanga, na namna inavyosongwa. Nilikuwa bado kwenye samli aliponiambia ninyamaze.

"Kaka, maelezo mengi yanatia shaka," Zuhura akasema. Akavua glovu, akachota tonge la halwa kwa vidole vitatu, akalitia mdomoni huku anamkazia macho yule askari, akatafuna taratibu. Kisha akamsogezea bakuli. Askari alitikisa kichwa, lakini kijana aliyemshika mbwa alionja, na akaonja tena.

Hapo ndipo mama mmoja aliyevaa kitenge cha njano, aliyekuwa nyuma yetu kwenye mstari, alipopiga kofi la furaha.

"Kumbe munasema Swahili! Munatoka fasi gani?"

"Edmonton," nikamjibu.

"Edmonton! Mi pia niko wa Edmonton! Bwana asifiwe! Na mi nilifikiri muko Waarabu."

Alikuwa Mama Furaha, mtu wa Bukavu, anayetunza wazee kwenye nyumba yao nyuma ya soko letu. Miaka yote tumekuwa tukipita njia moja na hatujawahi kusalimiana. Alikuwa anakwenda Turin kwa dada yake. Aliniita Papa, yaani baba, tangu dakika ile, na Zuhura naye akaanza kuniita Papa kwa kejeli.

Halwa tulirudishiwa, ila meli yetu ilikuwa imekwishaondoka. Tulipanda iliyofuata.

Ufaransa

Usiku sina la kusimulia, nililala. Asubuhi basi lilianza kutoa harufu ya mpira ulioungua, na dereva akaliingiza kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu, mbali bado na milima. Akafungua injini, akaitazama kama mtu anayetazama maiti, akatuambia basi jengine lingekuja kesho.

Nikahesabu moyoni. Ndoa ilikuwa kesho yake, kabla ya adhuhuri. Shekhe alikuwa anatoka Florence na alikwishasema hawezi kukaa mpaka alasiri, ana maziko ya kuhudhuria.

Mama Furaha alikuwa amekaa ukingoni akivua viatu. Zuhura akamweleza habari yote, pamoja na ya kaka Nassor.

"Kaka mukubwa amekatala?"

"Kakataa."

"Na basi ikikosa kufika, bibi-arusi atafanya je?"

"Haolewi kesho. Na baada ya hapo, Nassor atakuwa keshapata alichokitaka."

Mama Furaha akavaa viatu vyake tena. Alimfuata dereva, na kwa Kifaransa kilichokuwa kinapanda na kushuka kama ngazi alimsemesha mpaka yule bwana akatoa simu. Sikufahamu maneno, lakini nilimwona akinielekeza mimi kidole, kisha mbinguni, kisha mimi tena. Aliporudi nilimuuliza alisema nini.

"Nimemwambia wewe uko mufalme mudogo kule kwenu, unaenda kuozesha mutoto wako, na kama hautafika, serikali itaanguka."

"Mama, mimi ni karani wa ghala."

"Yeye anajua?"

Kampuni ikaahidi basi mchana ule ule. Tukasubiri kwenye nyasi. Mama Furaha akafungua kopo lake, ndani sombe na ugali wa muhogo. Zuhura akasema hicho ni kisamvu, kimekosa nazi tu. Mama Furaha akasema nazi ni ya kuficha mpishi mubaya. Wakabishana kwa raha kama waliosoma darasa moja, na chakula kikaisha.

Adhuhuri nilitafuta kibla kwa jua na kwa ramani, tukatandika kanga, tukasali. Tulipokuwa tahiyatu akaja mhudumu wa kituo, akatusimamia, akawa anasema jambo kuhusu nyasi. Sikuharakisha. Nilimaliza, nikatoa salamu kulia na kushoto, nikakunja kanga vizuri, ndipo nikamtazama. Mbwa wa watu walikuwa wamekojolea nyasi zile tangu asubuhi bila kusemeshwa na mtu. Nilimuonesha mmoja aliyekuwa kazini wakati huo huo. Akaenda zake.

Chini ya milima

Nilikuwa nimesoma habari za mahandaki ya Alpi, namna yalivyotobolewa kutoka pande mbili mpaka wachimbaji wakakutana katikati, na nilifurahi kumweleza Zuhura tulipoingia. Alikuwa amefumba macho anasoma Ayatul Kursiy. Akaimaliza, akaianza tena, na handaki bado halijaisha.

"Mlima gani huu usiokwisha?"

"Juu yetu kuna theluji," nikamwambia.

"Usiniambie kilicho juu yetu."

Turin tulishuka sote. Mama Furaha akambusu Zuhura mashavu yote mawili na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. "Papa, mimi kwetu ningekukuta kwenye mulango wa kanisa, mbele kabisa, umeshika bibi-arusi mukono. Enda." Sijui kama alijua amenisifu kiasi gani.

Treni na karai

Kwenye stesheni ya Turin nilipata nafasi ya kutumia sentensi yangu, maana ubao ulionesha kwamba treni ya Florence ingetoka jukwaa la nne. Nilimthibitishia Zuhura kwa fahari. Tukasimama jukwaa la nne. Treni ikaondoka jukwaa la kumi na moja. Wataliana walikuwa wamehamia huko wote kwa tangazo moja la haraka, na sisi tukabaki na vikapu.

Ilibidi tungoje nyengine. Florence tukapumzika kidogo, na alfajiri tukachukua treni ndogo mpaka stesheni ya mashambani, yenye saa iliyosimama na paka aliyelala juu ya benchi. Gari la kutuchukua lilikuwa limekwenda zamani, maana tulitakiwa tufike jana. Simu yangu haikushika mtandao.

Akatokea mzee mwenye pikipiki ya magurudumu matatu yenye karai nyuma la kubebea zeituni. Nilimuonesha jina la shamba. Akatutazama sisi, akatazama vikapu, akakiinua chetezo na kukipima uzito, akaniuliza swali. Nikajibu ndiyo. Akauliza jengine. Nikajibu ndiyo pia. Kitabu changu kilishauri kwamba msafiri ajibu kwa uchangamfu.

Zuhura akapanda kwenye karai pamoja na vikapu, akajishikilia pande mbili, buibui likipepea. Nyuma yangu nilimsikia njia nzima: "Wallahi Nassor asinione. Wallahi Nassor asinione." Tukapanda kilima kati ya mistari ya mivinje mirefu, na juu ikatokea nyumba: ya mawe ya rangi ya asali, yenye mnara mfupi, kanisa dogo ubavuni, na saa ya jua iliyochorwa ukutani. Imejengwa kabla ya husuni yetu, ile ngome ya Forodhani, kama nilivyosoma. Sitasema haikunipendeza.

Mlango wa jikoni

Mzee hakusimama mbele. Alizunguka nyuma, akatushusha kwenye mlango mdogo wenye mvuke. Kijana mwenye kofia ya mpishi akapokea vikapu kwa shukrani, akatupa aproni mbili nyeupe zilizokunjwa. Nikafahamu nilikuwa nimejibu ndiyo kwa jambo gani.

"Mimi shangazi wa mwali," Zuhura akasema kwa Kiswahili kikavu, "nimelala Ufaransa, nimepita chini ya mlima, nimebebwa kama zeituni. Nivae aproni?"

Ndani, karibu na dirisha, bibi mmoja mdogo wa mwili alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu akimenya maharage mabichi. Akainua macho, akaiona kofia yangu, akaangusha ganda.

"Lo zio!" akapiga kelele. Neno hilo nililijua. Ndiyo ami, ndugu wa baba.

Wakakimbia kumwita Daudi. Akaja na kanzu, nywele zimelowa, akanibusu mkono kisha akamkumbatia bibi yake, maana huyo ndiye alikuwa bibi yake. Akanieleza: bibi alizaliwa kwenye shamba lile, wazazi wake wakilima na kugawana mavuno na mwenye nyumba, na yeye alipika jikoni humo ujana wake wote. Wenye nyumba wa zamani walikwishauza, sasa hukodishwa kwa harusi. Asubuhi ile walimweka bibi ukumbini, kwenye kiti cha heshima, akaomba arudishwe jikoni.

"Anasema huku ndiko anakokujua," Daudi akasema.

"Alipata kupita mlango wa mbele?"

Daudi akamuuliza. Bibi akacheka akatikisa kichwa.

"Mwambie hivi," nikasema. "Mimi siingii kwa mlango wa jikoni kwenye harusi ya mwanangu, na mkwe wangu haingii kwa mlango wa jikoni kwenye harusi ya mjukuu wake."

Nikavaa joho langu juu ya suruali ya safari, nikashika kiti, nikamsukuma bibi kuizunguka nyumba yote juu ya kokoto, bakuli la maharage mapajani mwake, mpaka ngazi za mbele. Daudi na mpishi wakainua kiti. Tukaingia sote kwa mlango mkubwa, chini ya picha za mabwana wenye shingo za lesi. Bibi akawatazama mmoja mmoja, akaendelea kumenya.

Chumba cha juu

Shekhe, Mmoroko mtaratibu mwenye miwani, alikuwa amefika na kukaa uani pamoja na mashahidi. Nilioga, nikatawadha, nikavaa kanzu. Kwa mara ya kwanza tangu London nilikuwa na wakati wa kutosha. Nikapanda juu na mashahidi wawili kumuuliza mwali idhini.

Mnajua desturi ya kwetu, lakini mtoto wenu akisoma hii huenda hajui. Walii husimama mlangoni akamuuliza mwali: wanitaka nikuozeshe kwa fulani? Mwali hasemi. Anaulizwa tena, hasemi. Mara ya tatu shangazi yake hujibu, "Karidhia." Unyamavu wake ndiyo idhini yake. Zuhura hakumuomba Rahma jambo jengine lolote katika harusi hii, wala gauni, wala nyimbo, ila hilo: aozeshwe kama mama zake walivyoozeshwa. Na Rahma alimuahidi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Zuhura alikuwa keshawasha chetezo, na udi ulijaa mpaka ngazini. Rahma alikaa kitini na nguo ya kijani, hina mikononi, ukaya umemfunika uso.

"Rahma binti Hemed," nikasema, "wanitaka nikuozeshe kwa Daudi?"

Kimya. Nikauliza tena, na hapo akaanza kulia, kilio cha kweli. Watu husema sauti yangu ni ya Hemed.

Kabla sijauliza mara ya tatu nilisikia viatu vikikimbia. Alikuwa Bibi Ornella, msimamizi wa nyumba, na mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Alikuwa ameona moshi. Alichokuta ni wanaume watatu mlangoni, na msichana aliyefunikwa uso analia.

Akatua mtungi. Alijua Kiingereza. "Amesema nini?"

"Hajasema kitu," nikajibu, kwa sababu ndiyo kweli.

"Mmemuuliza?"

"Mara mbili."

"Na hajakubali?"

"Mwali hasemi!" Zuhura akapaza sauti. "Mfahamishe, mwali hasemi!"

Nikatafsiri neno kwa neno. Bibi Ornella akaingia, akapiga magoti mbele ya Rahma, akamuuliza kwa upole kama anataka ndoa hii. Rahma akamtazama shangazi yake. Alikuwa anaomba ruhusa ya kuvunja ahadi, lakini yule mama aliona hofu. Akasimama mlangoni, akatanua mikono yake, fremu hadi fremu.

"Hapiti mtu," akasema. "Nitaita polisi."

Daudi akaja mbio. Akaambiwa yeye ndiye wa mwisho kusikilizwa, maana ndiye mwenye faida. Simlaumu yule mama. Angekuwa binti yangu yuko katika nyumba ya wageni, ningetamani asimame mtu kama yeye mlangoni.

Shekhe naye akapanda. Alisikiliza pande zote, akanivuta kando.

"Ndugu yangu, nakuona mtu wa kweli. Lakini shaka imekwishaingia. Mimi naishi kwenye nchi hii, na kesho jina la msikiti wangu litatajwa. Pakiwa na shaka siozeshi." Akatazama saa yake, akashuka ngazi.

Nilimwona Nassor kwa macho ya moyo, amekaa Queensbury, anakoroga chai. Kama ningeondoka hapo bila ndoa, angesema Mungu amejibu dua yake. Na Rahma angebaki na kisa cha polisi badala ya harusi.

Nikasogea mpaka mikono ya Bibi Ornella ikanigusa kifua, nikasema kwa Kiswahili, juu ya bega lake.

"Rahma, mwanangu."

"Kaka, usinivunjie desturi," Zuhura akasema. "Bado mara moja tu. Uliza, nijibu, yaishe."

"Wewe ukijibu haitaisha. Rahma, nisikilize. Sasa sikuulizi kwa desturi. Nakuuliza mimi, ami yako. Wamtaka au humtaka? Ukisema humtaka, chukua viatu vyako. Tutarudi London leo hii kwa basi, na atakayekusema atakutana na mimi kwanza. Ukisema wamtaka, toka uje useme mbele ya kila mtu, mpaka pasibaki mwenye shaka."

"Mbele ya wanaume!" Zuhura akasema. "Mwali!"

Nakwambieni kweli, sikujua jibu litakuwa nini, na nilikuwa nimekusudia nilichokisema. Basi, ngazi, milima, vyote ningevirudia.

Rahma akasimama. Akaubusu mkono wa shangazi yake, akaufunua ukaya, akapita chini ya mkono wa Bibi Ornella bila viatu. Alishuka ngazi mbele yetu sote, akatoka uani kwenye mwangaza, penye shekhe aliyekuwa tayari ameshika mkoba wake, na wageni, na bibi na maharage yake. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mimi Rahma binti Hemed nimeridhia kuolewa na Daudi. Hakuna aliyenilazimisha. Na wa kuniozesha ni ami yangu huyu, aliyekuja kwa basi."

Akarudia kwa Kiingereza, akimtazama Bibi Ornella, kisha kwa Kitaliana kwa ajili ya bibi. Bibi akajibu neno moja ambalo halimo katika kitabu changu, na Wataliana wote wakacheka. Bibi Ornella akauchukua mtungi wake wa moto akaondoka. Hakuomba radhi, na mimi sikumdai.

Shekhe akaweka mkoba chini.

Zuhura alikuwa amesimama juu kwenye dirisha, ameninunia. Tulipokaa mkekani, nikamshika Daudi mkono wa kulia, nikasema, "Daudi, nimekuozesha binti wa kaka yangu, Rahma binti Hemed, kwa mahari mliyoelewana," na Daudi akajibu, "Nimekubali kumuoa," kwa lafudhi mbaya na sauti nzuri, vigelegele vikatoka kwenye dirisha lile lile. Virefu. Alikuwa hajaacha kununa, lakini vigelegele haviwezi kungoja.

Chakula kilikuwa samaki, maharage ya bibi, na mkate usio na chumvi. Zuhura aliamini wamesahau, akazunguka meza akiwagawia watu chumvi. Ndivyo wanavyouoka mkate wao huko tangu zamani, lakini sikumwambia, na hakuna aliyekataa. Mvinyo ulikuwepo, meza za mbali. Haukunirukia.

Queensbury

Niliporudi nilikwenda kumsalimu kaka Nassor, kwa sababu ni mkubwa wangu. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Hakuniuliza safari.

"Nasikia mwali alitoka mwenyewe mbele ya wanaume."

"Alitoka."

"Miguu mitupu."

"Mitupu."

"Akasema kwa kinywa chake."

"Alisema, kaka. Shekhe alisikia, mashahidi walisikia, mume wake alisikia."

Akaweka kikombe chini. "Na wewe uliyekuwepo, walii wake, ukafanya nini?"

"Mimi niliyekuwepo," nikamwambia, "nilimuozesha."